UZI: Kinyonga mzee au mlemavu, namna ya kumpangia upya kizimba

#1 Mzee wa Matawi (Columbus, Ohio)

Wakuu, heshima zenu. Humu ndani wafugaji wa kuku, njiwa na samaki wamejaa, sisi wa vinyonga tunahesabika, na wengi wetu tuko ughaibuni. Najua kuna watakaocheka na kuna ambao wakimwona kinyonga tu wanabadili njia. Chekeni kwanza, kisha someni.

Nina kinyonga wa Yemen, dume, yuko mwaka wa 7. Kwa aina hii huo ni uzee kamili. Dume aliyetunzwa vizuri hufika miaka 6 hadi 8, jike mara nyingi hatoboi huko kwa sababu kutaga kunammaliza. Tunamwita Babu. Alikuja kwetu akiwa mtu mzima, kutoka kwa familia iliyokuwa inahama mji, na mguu wa mbele wa kulia ulikuwa umeshapinda. Utotoni hakupata taa ya UVB (miale kama ya jua inayousaidia mwili kutumia kalsiamu) wala kalsiamu ya kutosha, mifupa ikalainika, ikapinda, ikaja kukomaa hivyohivyo. Sasa uzee nao umeleta yake: mshiko umelegea, jicho la kushoto limeziba, ulimi anaurusha karibu tu.

Wengi wakiona hali hiyo wanakimbilia kumfanyia wodi. Wanang'oa matawi yote, wanamweka kwenye sanduku la plastiki lenye taulo, wanasema hapa hawezi kuanguka. Kweli haanguki. Ila ndani ya siku chache anakuwa mweusi tii, anafumba macho mchana, hali. Kinyonga asiye na majani ya kujificha anajiona yuko mbele ya ndege mla nyama saa zote. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na ndio nimefungulia uzi: punguza kimo na mapengo, matawi ongeza.

Kimo. Kile kizimba cha wavu cha sentimita 60 kwa 60 kwa 120 kwenda juu, ambacho karibu kila mfugaji anaanza nacho, nimekilaza ubavu. Sasa kina urefu wa 120 na kimo cha 60, na tawi lake la juu kabisa liko kama sentimita 40 kutoka sakafuni. Akiteleza anatua, anajikung'uta, anapanda tena. Kutoka mita moja na zaidi, kwa mifupa ya namna ile, ni mbavu au taya.

Mapengo. Mkae mumtazame anavyovuka kabla hamjafunga tawi lolote. Babu anaviringisha mkia kwenye tawi la nyuma, anaunyoosha mguu wa kushoto, ule mzima, na kupapasa hewani polepole kama anayetafuta swichi gizani. Vidole vikigusa kitu, vinafumba, ndipo anauhamisha mwili. Visipogusa, anarudi nyuma na kusubiri, au anajilazimisha, na hapo ndipo anapoanguka. Basi kipimo chenu kiwe mguu wake wenyewe: pengo lolote lisizidi umbali wa bega hadi vidole vya mguu *mbovu*, maana kuna siku ataongoza na huo.

Unene wa matawi uchanganyeni. Mguu wa kinyonga umegawanyika kama koleo, vidole viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili. Tawi nene mno, koleo linabaki wazi na kuteleza; jembamba mno, vidole vinapitana na hakuna nguvu. Lakini kwa mguu uliolegea, ukwaruzaji ndio unaookoa kuliko unene. Magamba ya miti yabaki, msiyamenye. Penye ulaini nimezungushia kamba ya katani na kuibana kwa vibana vya plastiki vya fundi umeme, vichwa vya vibana vikitazama chini. Kamba ikianza kutoa nyuzi, kata au badilisha, nyuzi zinajifunga vidoleni na kukata damu. Miinuko yote iwe ya kulala, mfano wa ngazi isiyo na mwinuko mkali, na kila njia iwe na mahali pa kupumzikia katikati.

Kuta. Wavu wa waya ni adui wa kinyonga dhaifu. Anaukwea, kucha inanasa, mwili unaning'inia, kucha inang'oka. Upande wa nyuma na pembeni nimeweka mbao za magome, mbele wavu umebaki sehemu ya juu tu, nayo iko mbali na tawi lolote. Juu pote ni wavu, hewa inapita.

Nimeandika mengi. Taa, maji na chakula tutavigusa kwenye michango. Karibuni.

#2 Dereva Mstaafu (Mwanza)

Mkuu, yaani kinyonga ana kizimba chenye magome, ngazi za kupumzikia na jina la heshima, mimi nilipo mwenye nyumba hataki hata nipigilie msumari ukutani. 😂 Kwetu huyo tungekuwa tumeshamkimbia. Endelea lakini, nasoma.

#3 Shangazi wa Leeds

Hongera kwa uzi. Nakubaliana na wewe karibu yote ila hilo la kimo nina neno nalo. Kinyonga anataka kuwa juu. Sio deko, ndivyo alivyoumbwa. Akiwa chini ya usawa wa macho ya watu anaishi na hofu. Mimi wangu wa Madagascar, jike, nilipomshushia kizimba alikuwa kila nikipita anajitandaza na kufungua mdomo. Sasa wewe unamwambia mtu akilaze kizimba, atakiweka wapi, sakafuni?

Na hujagusa taa, ambako ndiko wazee wanakoungulia.

#4 Mzee wa Matawi

Shangazi, umenishika pazuri. Kizimba kimelala, ila kimepanda juu ya kabati la nguo. Mimi nikisimama, macho yake yako juu ya yangu. Kuanguka kunapimwa kwa sakafu ya *ndani* ya kizimba. Usalama anaouhisi unapimwa kwa sakafu ya chumba. Vitu viwili tofauti, na vyote vinapatikana kwa meza ndefu au kabati imara. Kabati lifungwe ukutani kama kuna watoto.

Taa naomba uieleze wewe, naona una jambo.

#5 Shangazi wa Leeds

Haya, hilo la kabati nimelikubali.

Taa sasa. Kijana mwenye afya akisikia joto limezidi anaondoka. Mzee ambaye kuondoka kwenyewe ni safari, anabaki. Na kinyonga kuungua mgongo au kishungi hashtuki mapema kama sisi. Unakuja kuona doa la kijivu limegeuka kidonda. Ukishusha kimo cha kizimba, tawi la kuotea joto linaweza kuwa limesogea karibu na balbu bila wewe kukusudia. Kwa hiyo kila ukihamisha tawi, pima upya, na upime mahali mgongo wake utakapokuwa, si penye nyayo. Kwa kinyonga wa Yemen nyuzi 29 hadi 31 zinatosha, sioni sababu ya mzee kupelekwa zaidi ya hapo. Balbu iwe nje ya kizimba, iwe na thamostati, na iwe ya wati ndogo inayotandaza joto kuliko ile kali inayochoma sehemu moja.

UVB nayo iende na umbali huohuo. Mrija wa T5 (taa ndefu nyembamba) wa UVB asilimia 6, mgongo wake ukiwa kama sentimita 25 hadi 30 chini yake, kwa kawaida unakupa kipimo cha UV (UV index) karibu na 3, kinachowatosha wa Yemen na wa Madagascar. Wavu unakula sehemu ya miale, kioo cha dirisha kinakula UVB karibu yote, kwa hiyo msimwanike dirishani mkasema amepata jua. Mrija ubadilishwe kila mwaka hata kama bado unawaka, maana mwanga unaouona wewe haukuambii chochote kuhusu UVB. Mwenye uwezo anunue kifaa cha kupimia UV kiitwacho Solarmeter 6.5, au aazime kwa wafugaji wenzake.

Na jambo moja ambalo ni la walemavu hasa: mpangie joto, mwanga na kivuli kwenye *tawi moja refu*. Mwanzo wa tawi uwe chini ya taa, mwisho wake uwe ndani ya majani. Akitaka kupoa anatembea hatua tatu bila kupanda wala kushuka.

#6 Mzee wa Matawi

Hatua tatu bila kupanda! Leo hii nahamisha ua la pothosi.

#7 Kipepeo Mweusi (Nairobi)

Swali: akishakuwa na jicho moja anakisiaje umbali wa kumrushia mdudu ulimi? Si lazima macho mawili?

#8 Muuguzi wa Wanyama (Toronto)

Kwa binadamu macho mawili yanasaidia sana. Kinyonga anatumia zaidi namna jicho linavyojikaza kuona kitu sawasawa, kama kamera inavyorekebisha lenzi hadi picha iwe safi, na kila jicho linafanya hesabu yake. Lindesay Harkness alichapisha utafiti wake mwaka 1977: aliwawekea vinyonga lenzi mbele ya macho, na ndimi zikawa zinatua mahali pasipo, kulingana na lenzi. Ndiyo maana mwenye jicho moja bado anapiga shabaha. Tatizo lake ni upande wa kipofu, hajui kinachokuja kutoka huko.

Kwa kizimba maana yake ni hii. Chakula, mlango na mkono wako vije kutoka upande wa jicho zima. Upande wa jicho bovu weka ukuta au majani mazito, ili asivamiwe na chochote kutoka huko. Mimi kazini tunawaambia wenye wanyama wageuze hata kizimba chenyewe, mlango uhamie upande mwingine. Ila jicho lililofumba si lazima liwe limekufa. Upungufu wa vitamini A, usaha na kukauka kwa maji mwilini pia hufumba macho. Daktari aone kwanza ndipo uhamishe fanicha.

Ulimi mfupi nao usiusingizie uzee moja kwa moja. Kalsiamu ikiwa chini ulimi unalegea. Kipimo cha damu na eksirei kabla ya kukata tamaa. Jongo nalo lipo sana kwa wazee hawa, viungo vinavimba na kuuma, na mwenye jongo hatapanda hata ukimtandikia zulia. Dawa ya maumivu ni ya daktari, tafadhali msimpe dawa za binadamu.

#9 Mfuga Samaki (Mombasa)

Maji je? Bakuli dogo hapo chini karibu yake si litamsaidia asipande?

#10 Mzee wa Matawi

Ndugu yangu wa Mombasa, bakuli usiweke. Vinyonga wengi hawatambui maji yaliyotulia, wanakunywa matone yanayoteleza kwenye majani. Na mzee akiangukia kwenye bakuli uso ukiwa chini, asipoweza kujigeuza, maji kidogo tu yanatosha kumzamisha.

Mimi nimeweka kidondoshi, kopo lenye mpira mwembamba na vali, juu ya majani yaliyo *mbele ya mdomo wake* pale anapokaa asubuhi. Chini yake kuna trei iliyofunikwa kwa wavu mgumu. Asubuhi na jioni napuliza manyunyu ya maji. Huku Ohio baridi ikianza, joto la nyumba linakausha hewa hadi midomo yetu inapasuka, sembuse yeye. Kwa hiyo usiku kinawaka kile kifaa cha ukungu, na chumba kinashuka hadi nyuzi 18 au 20. Ukungu na joto kwa pamoja msifanye, mapafu yanaharibika.

Kujua kama anakunywa, tazameni kinyesi. Ile sehemu ngumu ya mkojo ikiwa nyeupe, sawa. Ikiwa ya chungwa moja kwa moja, au macho yamezama, maji hayatoshi.

#11 BintiTanga (Lushoto)

Wakuu samahani kuingilia. Mimi sifugi. Jana nimemkuta kinyonga barabarani, wa huku kwetu Usambara, ana vipembe viwili puani, mguu wa nyuma umevunjika nadhani kwa pikipiki. Nimemweka kwenye boksi. Nimtengenezee kizimba kama cha Babu?

#12 Muuguzi wa Wanyama

Hapana dada yangu, na asante kwa kumwokota badala ya kumpiga mawe. Babu amezaliwa kizimbani Marekani. Huyo wako ni mnyama pori, wa milima yenu yenye ubaridi. Kumfuga bila kibali Tanzania ni kosa kisheria, na joto tulilotaja humu linaweza kumuua. Hapo Lushoto kuna maofisa wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, anzia kwao, watakuelekeza TAWA (mamlaka ya wanyamapori) au daktari wa mifugo.

Kwa sasa: boksi liwe na matundu, kijiti kimoja kilichokazwa karibu kabisa na chini, matawi mabichi juu yake, likae kivulini penye utulivu. Puliza maji kwenye majani. Usimlishe kwa nguvu, usimfunge mguu mwenyewe, watoto wasimshikeshike. Hana sumu, kwa hiyo usiogope akitoa sauti ya kufoka.

#13 BintiTanga

Amefoka kweli, nikaruka hadi mlangoni. Nimeelewa, nampeleka asubuhi.

#14 Dereva Mstaafu

Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Bibie, tupe mrejesho.

#15 Kaka wa Houston

Mimi nina wa pembe tatu, wale asili yao ni nyanda za juu za Kenya na huko Meru kwetu Tanzania. Jike, amezaa mara kadhaa (hawa hawatagi, wanazaa), sasa amechoka, nyayo za nyuma zinateleza. Naongezea mawili. Kwanza, namba za shangazi msizichukue kwa aina hii, wangu juu ya 28 ananuna. Huku Texas kazi yangu ni kupoza, si kupasha. Pili, usiku ndio anaanguka zaidi, akiwa amelala kwenye ncha ya tawi. Nimetandika taulo zilizokunjwa chini ya mahali anapolala, zile zisizo na vitanzi vya nyuzi maana kucha zinanasa, na juu yake karatasi ya jikoni ninayoitupa kila siku. Udongo na vipande vya mbao nimeondoa. Alikuwa akikosa shabaha analamba takataka pamoja na nyenje.

Chakula nalisha kwa mkono. Anaona koleo langu anafungua mdomo mwenyewe.

#16 Shangazi wa Leeds

Kulisha kwa mkono mimi sikupendi kama bado anaweza kurusha ulimi hata sentimita tano. Ulimi ni msuli, usipotumika unakwisha. Weka kikombe cha plastiki chenye kuta zinazokwaruza, kifunge mbele ya tawi lake, upande wa jicho zima, mdudu aonekane anatembea. Kila baada ya muda kisogeze mbali kidogo, akishindwa kirudishe. Mkono ubaki kwa siku mbaya.

#17 Kaka wa Houston

Shangazi, wangu kikombe anakitazama tu, halafu ananitazama mimi. Nani kamzoesha nani hapo sijui.

#18 Mzee wa Matawi

Mimi nafanya vyote viwili, kikombe asubuhi, koleo lenye ncha ya mpira jioni kama kikombe hakijaguswa. Chenye maana zaidi ni kilichomo. Mzee apewe wadudu laini: viwavi wa hariri, wale viwavi wa kijani wakubwa ambao karibu wote ni maji, na funza wa BSF (inzi mweusi aitwaye black soldier fly), haohao wanaofugwa kulishia kuku nyumbani, maana wana kalsiamu nyingi kiasili. Nyenje nawakata miguu ya nyuma yenye miiba. Na nyenje asiyeliwa asilale humo! Usiku anatafuna ngozi ya mnyama ambaye hawezi kumkwepa.

Mizani ya jikoni, kila wiki, siku ileile, kabla hajala. Macho yatakudanganya kwa sababu unamwona kila siku. Uzito ukishuka mfululizo, tatizo haliko kwenye matawi tena.

#19 Mfuga Samaki

Niulize la moyoni bila ugomvi. Kuna kuhangaika na mnyama na kuna kumtesa. Mnajuaje ni wakati gani wa kuacha?

#20 Muuguzi wa Wanyama

Swali zuri, na kwenye kliniki tunaulizwa kila mara. Mimi huwa nauliza mambo ya kawaida: anaamka na kubadili rangi taa ikiwaka? Anasogea mwenyewe kwenda kwenye joto na kurudi? Anakula kwa hiari, hata kama ni kwenye koleo? Ukiona analala mchana macho yamefumba, hashiki tawi hata lililofungwa kamba, na chakula kinaingia kwa bomba tu wiki baada ya wiki, ongea na daktari kuhusu kumlaza kwa dawa asiamke tena. Usimweke kwenye friji, ushauri huo unazunguka mitandaoni na ni ukatili.

Mlemavu ni habari nyingine. Kinyonga wa miguu mitatu, mkia ukiwa mzima, anaishi. Mkia ndio mkono wake wa tano, na ukikatika hauoti tena kama wa mjusi, kwa hiyo mwenye mkia mfupi mpunguzie mapengo yawe nusu ya kawaida.

#21 Mzee wa Matawi

Naongeza kwa atakayeanza leo: msibadilishe kizimba kizima kwa siku moja. Ana njia zake kichwani, hasa mwenye jicho moja. Tawi analolalia liacheni mahali pake, mjenge kuanzia hapo kwenda nje, kipande kimoja, siku kadhaa, kingine. Nimehamisha pothosi kama shangazi alivyosema. Babu ameizunguka mchana kutwa akiwa na madoa ya hasira, jioni ameingia.

Kaka wa Houston, hizo taulo zisizo na vitanzi unanunua za aina gani? Zangu zote zinanasa kucha.

#22 Kaka wa Houston

Zile nyembamba za kufutia vyombo, mkuu, zilizofumwa bapa. Zikunje mara nne, fua bila sabuni yenye manukato.

#23 BintiTanga

Mrejesho: nimemfikisha, wamempokea. Ofisa ameniuliza mbona boksi lina karatasi ya jikoni ndani, nikamwambia nimefundishwa na kaka mmoja wa Houston.